Kidonda cha kulalia sio kudra: nani anamgeuza mgonjwa saa nane za usiku?

Najua nimepotea wiki kadhaa, mtanisamehe, nilikuwa msibani Kivinje. Tumemzika mjomba wangu. Leo sitaandika habari za bei ya ufuta wala minada ya korosho kama mlivyozoea. Nataka tuongelee kitu kilichomuua mjomba, maana kila aliyekuja kwenye matanga alikuwa na maelezo yake, na karibu wote walikosea.

Mjomba alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka juu ya mnazi, mgongo ukavunjika, kuanzia kiunoni kwenda chini akawa hasikii kitu. Mtaani wanasema "kafa kwa kuanguka mnazi". Jamani, mnazi haukumuua. Mjomba alirudi nyumbani kutoka hospitali anaongea, anacheka, anabishana Simba na Yanga na kila anayeingia mlangoni. Kilichomuua ni kidonda. Kilianza wodini kama doa juu ya kifandugu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Baada ya miezi mitano lilikuwa shimo la kuingiza ngumi. Ikaja homa, akaanza kuweweseka, siku tatu kwisha habari.

Hospitali sitaitaja, na manesi wale siwalaumu kwa majina. Walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa wengi. Ila kuna swali moja limenikaa kooni toka siku ile tunarudi makaburini: katika watu wote waliomhudumia mjomba, madaktari, manesi, sisi ndugu, mganga, nani alikuwa na kazi ya kumgeuza? Jibu nililopata ni kwamba hakuna. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake.

Makala hii inahusu hiyo kazi isiyo na mwenyewe.

KWANZA, KIDONDA KINATOKEA VIPI?

Hebu jichunguze hapo hapo kwenye benchi ulipokaa unasoma. Kabla hujafika mwisho utakuwa umejisogeza mara kadhaa, umeegemea upande huu, umehamia ule, umenyoosha mguu. Hukufikiria hata kidogo. Makalio yakibanwa muda mrefu damu haipiti vizuri, nyama inalalamika, ubongo unatoa amri, unajisogeza. Hata usingizini unajigeuza usiku kucha.

Sasa chukua mtu aliyevunjika uti wa mgongo, au mzee aliyepata kiharusi, au mgonjwa mahututi asiyejitambua. Ama hasikii yale maumivu, ama anasikia ila hawezi kujisogeza. Mfupa unabana nyama kutoka ndani, godoro linabana kutoka nje, mishipa midogo ya damu inafungwa katikati. Nyama isiyopata damu inakufa. Haichukui wiki. Kwa mgonjwa dhaifu masaa machache yanatosha kuanzisha madhara. Na mara nyingi nyama ya ndani karibu na mfupa ndiyo inayokufa kwanza, kwa hiyo siku unayoona ngozi imefunguka, mzigo wenyewe ulishaanza chini zamani.

Wataalamu wanaviita vidonda vya mgandamizo. Sisi huku tunaviita vidonda vya kulalia. Sehemu zake zinajulikana: kifandugu, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega kwa nyuma, kisogo. Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ni ile mifupa miwili ya kukalia. Ongeza mambo matatu yanayoharakisha: unyevu wa mkojo, choo au jasho (na joto la Lindi mnalijua), kuburutwa kwenye shuka, na lishe mbovu.

Kwa hiyo mnaosema "ni jini" au "kachezewa", naomba mjibu swali hili: mbona hilo jini linachagua kifandugu na visigino tu, kila mgonjwa, dunia nzima?

HISTORIA: DAWA ILIYOSHINDA ILIKUWA MIKONO

Zamani kuvunjika uti wa mgongo ilikuwa kama hukumu ya kifo hata Ulaya. Wanajeshi wengi waliopooza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa baada ya muda mfupi, na wauaji wakubwa walikuwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Madaktari walishakata tamaa, wanawaacha tu.

Mwaka 1944 Uingereza walimpa daktari mmoja mkimbizi, Myahudi kutoka Ujerumani anaitwa Ludwig Guttmann, wodi ya watu kama hao pale hospitali ya Stoke Mandeville. Guttmann akaweka sheria: kila mgonjwa anageuzwa kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, bila kuruka. Usiku alikuwa akipita mwenyewe kukagua. Wagonjwa waliotegemewa kufa wakaanza kupona vidonda, wakakaa, wakacheza michezo. Mwaka 1948 akaanzisha mashindano ya walemavu hapo hospitalini, na kutoka hapo ndipo ikazaliwa Paralimpiki, ya kwanza Roma mwaka 1960. Angalieni, wadau: hakuanza na mashine. Alianza na saa ya ukutani na watu wa kugeuza.

Mfano wa pili ni wa upande wa pili. Wale wa enzi za kanda za video mnamkumbuka Superman, Christopher Reeve. Alianguka farasi mwaka 1995, akapooza kuanzia shingoni. Alikuwa na pesa, walezi na madaktari wa Marekani. Alipofariki Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha kulalia kilichoingia maambukizi. Ina maana kidonda hiki hakina dharau, kinampata tajiri pia. Lakini tofauti ni kwamba Reeve aliishi miaka tisa. Mjomba aliishi miezi mitano.

KWA NINI NI ISHU YA KWETU

Utafiti uliofanywa Kaskazini kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa wa KCMC Moshi ulionyesha kwamba chanzo kikubwa cha kuvunjika uti wa mgongo ni kuanguka, halafu ajali za barabarani zinafuata. Kusini huku sioni kwa nini iwe tofauti. Tuna minazi, miembe, mikorosho, na tuna bodaboda kila kona kuanzia Somanga mpaka Mchinga. Na wanaopanda mti na wanaoendesha bodaboda ni nani? Ni sisi, vijana wa umri wetu. Ukiondoa hao, kila mtaa una mzee au bibi aliyepooza kwa kiharusi, amelazwa chumba cha nyuma.

Halafu kuna barabara. Mtu akivunjika mgongo Kilwa anaanzia Kinyonga au kituo cha afya kilicho karibu, anaweza kupelekwa Sokoine pale Lindi, na ikibidi upasuaji safari ni ya Dar, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kama kilomita 300. Wazee wetu walikuwa wanavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Sasa tunasema barabara ipo. Lakini Mei 2024, mvua zile za El Niño pamoja na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika sehemu kadhaa humu humu wilaya ya Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Magazeti yaliandika malori, mafuta, abiria kulala njiani. Mimi nawaza mgonjwa aliyelazwa chali kwenye ubao, hasikii makalio yake, na ndugu zake wanaogopa kumgusa wasije wakamvunja zaidi. Masaa yale ndiyo yanayotengeneza kidonda. Na wa kutoka Songo Songo au visiwa vingine wanaanza na mashua kabla hata ya kuiona lami.

Mkoa wa Lindi una watu karibu milioni 1.2 kwa sensa ya 2022, wametawanyika kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 66,000. Huwezi kuwatibia wote vidonda Dar. Kidonda hiki kinazuiwa hapa hapa au hakizuiwi kabisa.

KUPIMA: NANI YUKO HATARINI?

Hiki ni kitu kinachofanyika kwa macho, mikono na kalamu. Mwaka 1962 nesi wa Uingereza, Doreen Norton, alitoa kipimo cha maswali kwa wazee. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, walitoa kipimo kingine kinachotumika sana duniani. Kina mambo sita: mgonjwa anasikia maumivu? Ngozi ina unyevu? Anatoka kitandani? Anaweza kujigeuza? Anakula vizuri? Anaburutika kwenye shuka? Alama zinaanzia 6 mpaka 23, na anayepata 18 kushuka chini anahesabiwa yuko hatarini. Ni karatasi moja tu, dakika chache.

Nyumbani huhitaji alama. Jiulize tu: je, huyu mtu anaweza kujigeuza mwenyewe usiku bila msaada? Kama hawezi, yuko hatarini, basi.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho mimi nilikijua nimechelewa. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu, ukibonyeza haipotei. Hiyo ni kwa Mzungu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Mkaza mjomba alikuwa anamwangalia mumewe kila siku na haoni chochote, kumbe alikuwa anatafuta rangi isiyokuja. Kwa ngozi yetu tumia mkono. Linganisha sehemu ile na ngozi ya jirani yake. Imekuwa ya moto zaidi, au ya baridi? Imekuwa ngumu, au laini kama sponji yenye maji? Imevimba, inang'aa? Imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau? Kama mgonjwa anasikia, je, panauma? Ukipata jibu la ndiyo, mwondoe kwenye sehemu hiyo mara moja na usimlalie tena upande huo mpaka ngozi irudi kawaida.

Ngazi zenyewe ziko nne. Ya kwanza ngozi haijafunguka, ni hayo mabadiliko niliyotaja. Ya pili ngozi ya juu imetoka au kuna lengelenge. Ya tatu ni shimo mpaka kwenye mafuta. Ya nne unafika kwenye msuli au mfupa. Ukiona kigaga cheusi kimefunika, huwezi kujua kina chake. Ngazi ya kwanza inaweza kurudi ndani ya siku chache ukiondoa mgandamizo. Ya nne ni miezi, wengine mpaka upasuaji, wengine kama mjomba.

KUZUIA: IPRINTI HII SEHEMU

Mwenye uwezo aichape hii abandike ukutani kwa mgonjwa.

1. Geuza. Kwa godoro la kawaida anza na kila masaa mawili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, unarudia. Ngozi ikionyesha dalili mapema zaidi ya hapo, punguza masaa. Andika saa na upande kwenye daftari, maana mlezi aliyechoka husahau. Simu ya tochi ina alamu, itumie. Kwetu watu wamezoea kupima siku kwa adhana, lakini kati ya adhuhuri na alasiri ni kama masaa matatu, na kati ya isha na alfajiri ni usiku mzima. Adhana pekee haitoshi.

2. Ubavu usiwe wa kusimama wima juu ya nyonga. Weka mto mgongoni aegemee nusu nusu, uzito uende kwenye nyama ya kalio badala ya mfupa wa nyonga. Mto mwingine katikati ya magoti.

3. Visigino vielee. Weka mto chini ya ndama za miguu ili kisigino kisiguse godoro. Ule mtindo wa kujaza glavu maji na kuiweka chini ya kisigino achaneni nao, hauondoi mgandamizo. Mpira wa duara wenye tundu wa kukalia nao hapana, unabana damu kuzunguka pale pale unapotaka kupaokoa.

4. Usimburute. Watu wawili, shuka chini yake, mnanyanyua pamoja. Na kama anakaa kitandani akiwa ameegemea, usiache masaa mengi, maana anateleza kidogo kidogo na ngozi inavutika.

5. Usisugue wala kukanda kwa nguvu sehemu iliyobadilika. Bibi zetu wanapenda kuchua kwa mafuta ya nazi. Kuchua nyama iliyoumia kunaumiza zaidi.

6. Kavu na safi. Akijikojolea, osha kwa maji, kausha kwa kugonga taratibu, paka mafuta ya mgando kama kinga. Karatasi ya nailoni isigusane na ngozi moja kwa moja, inafuga jasho. Kunja za shuka zinyooshwe, makombo yatolewe.

7. Kitanda cha kamba chenye mkeka peke yake hakifai kwa mgonjwa huyu, kamba zinabana. Tafuta godoro nene la sponji. Lipime: pitisha kiganja chini ya godoro pale kalio lilipo. Ukihisi mfupa wa mgonjwa umeshuka mpaka mkononi kwako, godoro limekufa.

8. Alishe. Nyama mpya haijengwi na uji mtupu. Samaki, dagaa, pweza, mayai, maharage, mbaazi, choroko, karanga. Tuko pwani, tuna bahari, hakuna sababu mgonjwa kushindia chai na muhogo. Na maji anywe ya kutosha. (Mwenye ugonjwa wa figo au moyo, muulizeni daktari kwanza.)

9. Aliyeko kwenye kiti cha magurudumu ajinyanyue kwa mikono au ainame pembeni kila robo saa mpaka nusu saa. Na akalie mto wa sponji nene, asikalie ubao.

Na kwa aliyeanguka leo leo, mgongo bado haujapimwa: huyo hageuzwi kiholela. Anageuzwa kama gogo, watu watatu au wanne, kichwa, mabega na kiuno vikienda pamoja, kwa maelekezo ya mtaalamu. Muulize nesi au daktari kabla hajapakiwa garini: tumgeuze vipi, na kila baada ya muda gani? Usipande gari bila jibu.

KIKISHATOKEA JE?

Kanuni ya kwanza: mgonjwa asilalie kidonda. Dawa yoyote ya duniani haitafanya kazi kama bado analalia pale pale. Mjomba alinunuliwa dawa za pesa nyingi, na kila jioni tulimlaza chali juu ya kidonda. Tulikuwa tunamwaga maji kwenye pakacha.

Kuosha ni kwa maji safi ya chumvi: chemsha maji, weka chumvi nusu kijiko cha chai kwa kila kikombe, yapoe. Spiriti usimwagie ndani, inaua nyama changa. Majivu, kahawa, dawa ya meno, mavi ya ng'ombe, hapana. Na ule mtindo maarufu wa kufungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia unga kwenye kidonda, tuache kabisa. Hauponyi, na unafundisha wadudu kuzoea dawa. Kidonda kifunikwe kwa bandeji safi, chenye unyevu kiasi, kisikaushwe kwa feni wala jua. Kigaga cheusi kikavu cha kisigino usikibandue nyumbani.

Mpeleke hospitali bila kungoja kesho ukiona: homa, kuchanganyikiwa, harufu kali, usaha, ngozi ya pembeni inayovimba na kuwa ya moto, au mfupa. Hapo maambukizi yanaweza kuwa yanaingia kwenye mfupa au kwenye damu. Mjomba alianza kuweweseka siku ya Ijumaa, sisi tukasema tusubiri Jumatatu. Jumatatu tulikuwa tunachimba kaburi.

SASA TUJE KWENYE SIASA YAKE

Utaniambia, "Kaka, manesi hawatoshi." Ni kweli, na serikali yenyewe imekuwa ikikiri upungufu wa watumishi wa afya. Hebu tupige hesabu. Wodi ina wagonjwa 10 wasiojiweza. Kila mmoja ageuzwe mara 12 kwa siku. Tuseme kila mara ni dakika 5 kwa watu wawili. Hiyo ni dakika 600, masaa 10 ya watu wawili kila siku, bila kugusa sindano wala kitu kingine. Nesi mmoja wa usiku hawezi, hata awe malaika.

Kwa hiyo mikono mingine ni ya nani? Ni ya ndugu, wote tunajua. Ndugu ndiye anayepika, anayefua, anayeosha. Lakini wodini tunachukuliwa kama wageni. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha tunatolewa nje, na usiku ndio masaa marefu kuliko yote ya kulala upande mmoja. Siku ya ruhusa tunapewa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyemwambia mkaza mjomba neno "kumgeuza". Baadaye kidonda kikitokea anaambiwa "mmemtelekeza mgonjwa". Mama yule alilia siku nzima kwa hiyo kauli, na mpaka leo anaamini yeye ndiye aliyemuua mumewe.

Mwaka 2023 nchi yetu ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo kubwa na naliunga mkono. Lakini mjadala ninaousikia ni michango, kadi, dawa, vipimo. Bima inaweza kulipia bandeji za miezi mitano na upasuaji, ila je, kuna mahali inalipia mtu wa kugeuza mgonjwa ili hizo bandeji zisihitajike? Tunalipia moto, hatulipii ndoo ya maji.

Kuna nafasi nyingine, na hii ndiyo inayonipa matumaini. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanaume. Wanazungumziwa zaidi kwa uzazi, lishe ya watoto, malaria, TB. Safi kabisa. Ila hawa ndio watu pekee watakaoweza kuingia chumba cha nyuma alikolazwa bibi aliyepooza. Kuwaongezea kazi ya kukagua kifandugu na visigino ni somo la siku moja. Haihitaji mashine, wala umeme.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na nitayapeleka kwa diwani mwenyewe:

Moja, kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza apimwe hatari siku anapolazwa, na karatasi ya kugeuza itundikwe kitandani, saa, upande na saini ya aliyegeuza.

Mbili, ndugu mmoja wa mgonjwa wa aina hii aruhusiwe kubaki usiku, na afundishwe kabla ya ruhusa mpaka aonyeshe kwa vitendo kwamba ameelewa.

Tatu, mgonjwa akiruhusiwa, jina lake lifike kwa mhudumu wa jamii wa kitongoji chake, na amtembelee wiki ya kwanza.

Nne, vidonda vinavyoanzia wodini vihesabiwe kila mwezi, namba iwekwe kwenye ubao wa matangazo. Kitu kisichohesabiwa hakina mwenyewe. Mjomba kwenye kumbukumbu atakuwa ni mtu aliyeanguka mnazi tu, na mnazi hauwezi kuitwa kwenye kikao.

Najua kuna atakayesema siku yake ilikuwa imefika. Sibishani na Mwenyezi Mungu. Ila hata ngamia tunaambiwa tumfunge kwanza ndipo tutawakali. Sisi hatukufunga kitu.

Wadau, kama nyumbani kwenu kuna mtu amelala muda mrefu, ukitoka hapo kafe nenda kamwangalie visigino. Usiniulize mimi kwanza, nenda. Halafu rudi uandike hapo chini umekuta nini, na hospitali za huko kwenu ndugu wanafundishwa au wanafukuzwa? Manesi mnaosoma hapa, msinikasirikie, niambieni nilipokosea. Matusi nitayafuta, ukweli nitauacha hata ukiniuma.

Nawasilisha.